Majina Mengi Kuliko Vitabu: Nilivyoipunguza Orodha Yangu ya Kusoma

Orodha ya vitabu ambavyo mtu anakusudia kuvisoma hurefuka kwa wepesi ambao kusoma kwenyewe hakunao. Jina la kitabu huandikwa kwa nusu dakika, ilhali kitabu cha kurasa 300 humtaka msomaji mwenye kazi na familia majuma mawili au zaidi. Hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pengo hilo ni pana zaidi, kwa sababu kati ya kuliandika jina na kukifungua kitabu kuna kazi ya kukitafuta: maktaba ni chache, maduka huuza zaidi vitabu vya shule na vya dini, na vitabu vilivyotumika vinavyotandazwa kandokando ya barabara za katikati ya mji huja kwa bahati, hakuna anayeviagiza. Hivyo wengi wetu tunaopenda kusoma tuna majina ya vitabu mengi kuliko vitabu. Mimi ni mwalimu wa historia na Kifaransa katika shule moja ya sekondari komuni ya Katuba. Orodha yangu ilipopita majina 300, niliamua kuipunguza wakati wa likizo kuu, katika miezi ile ya baridi ambayo mtu wa Lubumbashi huona afadhali kukaa ndani.

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu. Jioni njema, yaani jioni ambayo umeme haukukatika na madaftari ya wanafunzi yamekwisha kusahihishwa, ninaweza kusoma kurasa 20. Tukikadiria kwamba kitabu kimoja kina kurasa 300, vitabu 300 ni kurasa 90,000, nazo zinahitaji jioni 4,500, ambazo ni zaidi ya miaka 12, pasipo homa, pasipo matanga ya jirani, pasipo majuma ya mitihani ya taifa, na pasipo kuongeza hata jina moja jipya katika kipindi hicho chote. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, aliuliza kama katika hesabu hiyo nimeiweka pia Biblia. Sikuwa nimeiweka.

Wapo watakaosema kwamba hesabu ya namna hiyo inavunja moyo. Kwangu ilileta utulivu, kwa kuwa ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya orodha ilikwisha kuachwa zamani, nikubali nisikubali, na kwamba lililobaki ni kuamua iwapo uchaguzi ungefanywa nami mwenyewe au na nasibu, yaani na kitabu chochote kitakachokuwa karibu na mkono siku nitakapopata nafasi.

Baada ya hapo nilichunguza majina hayo yalikotoka, na nikakuta chemchemi zake ni chache kuliko nilivyodhani. Kundi kubwa la kwanza lilitoka chuo kikuu. Kila aliyesoma katika vyuo vya nchi yetu anazijua silabusi, zile kozi zilizopigwa chapa na kutolewa fotokopi ambazo mwanafunzi hununua mwanzoni mwa mwaka. Mwishoni mwake profesa huweka kurasa kadhaa za vitabu vya rejea, na nyingi ya rejea hizo zimenakiliwa kutoka silabusi ya mtangulizi wake. Mimi nilizihamisha zote katika daftari langu kwa heshima kubwa. Kundi la pili lililetwa na redio. Mwezi wa Oktoba na wa Novemba mwaka wa 2021 tuzo kubwa za fasihi zilifululiza kwenda kwa waandishi wa bara letu: Nobel kwa Abdulrazak Gurnah mzaliwa wa Zanzibar, Camões kwa Paulina Chiziane wa Msumbiji, Goncourt kwa Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali na Booker kwa Damon Galgut wa Afrika Kusini. Kila habari iliposomwa niliandika, tena sikuandika kitabu kimoja kimoja. Kwa Gurnah niliandika riwaya zote kumi alizokuwa amezitoa mpaka wakati huo. Furaha ile ilikuwa ya haki, lakini furaha ya kusikia mwenzetu ametuzwa ni jambo moja na haja ya kusoma riwaya zake zote kumi ni jambo jingine. Makundi yaliyosalia, yaani vitabu vya mafanikio vinavyopendekezwa na marafiki na vile ambavyo mtu huvitaja ili aonekane amesoma, hayakunichukua muda. Niliyafuta kwa jioni moja.

Nilipokwama nilimwendea mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyestaafu baada ya kutunza maktaba kwa miaka mingi. Nilimwuliza: “Papa, wewe uliyevilinda vitabu maisha yako yote, uliwezaje kuviondoa?” Alijibu: “Mwanangu, rafu zina mwisho wake. Shamba lisilopaliliwa halikosi majani, linakosa mahindi.” Akanieleza kwamba watunza maktaba wanaofuata utaratibu wa Kifaransa wana vigezo vitano vya kuondoa kitabu, ambavyo huvikumbuka kwa herufi za neno IOUPI: kitabu chenye habari zisizo sahihi, kitabu cha kawaida kisicho na uzito, kitabu kilichochakaa, kitabu kilichopitwa na wakati, na kitabu kisicholingana na mkusanyo uliopo. Aliongeza kwamba kigezo kinachowasumbua wengi ni hicho cha mwisho, kwa sababu kitabu kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kisiwe na kazi mahali kilipo.

Vigezo vile vimetengenezwa kwa ajili ya vitabu vinavyoshikika, hivyo si vyote vilivyonifaa. Jina lililo katika daftari halichakai. Kupitwa na wakati kulinisaidia kidogo, kwani niliondoa vitabu vya kujifunza kompyuta na ripoti za uchumi za enzi ya Zaire ambazo sikumbuki nilizitakia nini. Kigezo cha mwisho ndicho nilichokifanyia kazi kwa muda mrefu. Maktaba inajua mkusanyo wake ni upi. Je, mkusanyo wa mtu mmoja ni upi? Nilifikia kusema kwamba mkusanyo wangu ni maswali ninayotembea nayo, yale yanayonirudia darasani au njiani bila kuitwa, na kwamba mbele ya kila jina ningeandika sentensi moja inayoeleza ni nani aliyeniambia habari za kitabu hicho na nilitaka kujua nini. Jina lisilo na sentensi lingeondoka. Karibu theluthi ya orodha iliondoka kwa njia hiyo, na jambo la kushangaza ni kwamba sikuweza baadaye kuyakumbuka majina hayo hata kwa kujilazimisha.

Riwaya za Gurnah zinaonyesha vizuri jinsi sentensi ile ilivyofanya kazi. Kati ya zile kumi nilibakiza moja, Paradise ya mwaka wa 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili mwaka wa 2022 kwa jina la Peponi. Sababu yake ni ya darasani. Kila mwaka ninafundisha habari za Msiri, mwana wa mfanyabiashara kutoka Unyamwezi aliyejenga utawala wake Bunkeya, huku kwetu Katanga, na kuuawa na msafara wa Wazungu mwezi wa Desemba 1891. Wanafunzi huniuliza misafara iliyopeleka shaba na pembe kuelekea pwani ilikuwaje ndani yake, nani alibeba, nani alilala njaa, vijana waliochukuliwa kwa sababu ya madeni ya wazazi wao walijisikiaje. Vitabu vya historia nilivyo navyo vinaorodhesha bidhaa na tarehe. Riwaya inayomfuata kijana aliyetolewa kwa deni hadi ndani ya msafara wa biashara ina jambo la kuniambia juu ya swali hilo. Riwaya nyingine tisa huenda ni bora kuliko hiyo. Mimi sina swali la kuziuliza kwa sasa.

Sehemu iliyonitesa ilikuwa ya falsafa. Zamani nilianza masomo ya juu kuhusu mjadala wa falsafa ya Kiafrika, kisha mshahara wa ualimu na watoto wawili wakaamua vingine. Mjadala wenyewe una mizizi hapahapa: kitabu cha padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya utume kati ya Waluba wa Katanga, kilitolewa kwa Kifaransa mwaka wa 1945 katika mji huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Kutoka kwake ulitokea mnyororo mrefu wa wafuasi na wapinzani: Alexis Kagame wa Rwanda, Paulin Hountondji wa Benin, Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani. Nyuma ya hao walipanga foleni wanafalsafa Wajerumani ambao mtu analazimika kuwasoma ili aelewe wenzetu walikuwa wakijibizana na nani. Jumla yao ilikuwa zaidi ya vitabu hamsini, na kila kimoja kilikuwa na sentensi yake, tena sentensi nzuri, iliyoandikwa na kijana aliyedhani ataitwa daktari.

Kanuni yangu hapo ilishindwa, kwa kuwa sababu zilikuwepo ila aliyezitoa hakuwepo tena. Kwa siku kadhaa niliiruka sehemu hiyo na kushughulika na nyingine. Hatimaye niliiandika upya kila sentensi kwa wakati uliopo: leo, nikiwa mwalimu wa Katuba, ninataka kujua nini kwa kitabu hiki? Waliovuka ni watatu. Tempels alibaki kwa sababu mtu anayeishi katika mji ambamo kitabu kilichozua ugomvi mkubwa kiasi hicho kilipigwa chapa anapaswa kukisoma chote mara moja, badala ya kuendelea kusoma vipande vyake vinavyonukuliwa na maadui zake. Hountondji alibaki kwa sababu ndiye aliyempinga kwa ukali na kwa uwazi ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anaweza kuufuata. Mudimbe alibaki kwa kitabu chake cha 1988 kuhusu jinsi Afrika ilivyobuniwa katika maandishi ya wengine, ambacho tafsiri yake ya Kifaransa ilichelewa mpaka mwaka wa 2021. Wajerumani niliwaaga wote. Nadhani mtu akikiondoa kitabu cha namna hiyo huondoa pia cheo alichokuwa amejiandalia, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kitabu chenyewe hakina lawama.

Vitabu vinene vilihitaji mbinu nyingine. Historia ya jumla ya Kongo ya Isidore Ndaywel è Nziem, iliyotolewa mwaka wa 1998, ina zaidi ya kurasa 900, na historia kuu ya Afrika ya UNESCO ina mabuku manane ya mwanzo, ambayo mtu anaweza kuyapakua bila malipo. Katika daftari langu kazi hizo zilichukua mistari tisa, na kila nilipoiona mistari hiyo nilichoka kabla ya kuanza. Nilichofanya ni kuacha kuandika vitabu na kuandika sura. Kwa Ndaywel niliandika sura zinazohusu kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, kwa sababu wazee wetu bado wanabishana juu ya miaka ile nami ninataka kuwasikiliza nikiwa na tarehe kichwani. Kwa UNESCO niliandika buku la saba peke yake, linalohusu utawala wa kikoloni kati ya 1880 na 1935, tena sura zake chache tu. Mabuku ya aina hiyo hayakuandikwa yasomwe kama riwaya kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata walioyaandika waligawana sura. Mtu anayeyaweka mazima katika orodha anajitwisha mzigo ambao hakuna aliyemwagiza aubebe.

Kinyume cha mabuku hayo ni maandishi mafupi yaliyokuwa yamefunikwa na orodha yenyewe. Mwaka wa 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapahapa, akiipa kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliyachapisha maandishi hayo mwaka wa 1990, na sasa yanapatikana pia katika intaneti bila malipo. Ni kurasa chache tu. Jina lake lilikuwa katika daftari langu tangu chuo kikuu, katikati ya Mjerumani Hegel na ripoti moja ya madini, na kwa muda wote huo lilingoja zamu kana kwamba ni kitabu cha kurasa 600. Niliyasoma maandishi hayo kabla sijamaliza kupunguza orodha. Kiswahili chake kinafuata njia zake chenyewe katika tahajia, hata inambidi msomaji akisome kwa sauti ili akielewe, na nikikisoma kwa sauti nilimsikia babu yangu. Tangu hapo, jambo la kwanza ninaloliangalia katika kitabu chochote kinachotaka kuingia ni idadi ya kurasa, nami huiandika pembeni ya jina. Ni kipimo kisicho na hadhi, lakini kinafichua mengi.

Mpaka hapo zilikuwa zimebaki kama kazi mia moja. Zilipungua tena nilipozitenganisha kufuatana na mahali zilipo, na msaada mkubwa hapo nilipewa na jirani yetu, mama mfanyabiashara anayefuata vitambaa na viatu Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Vitabu vya fasihi ya Kiswahili hapa kwetu ni adimu, na wanaovileta mara nyingi ni watu kama yeye. Nilipomwambia, “Mama, safari hii ningependa uniletee vitabu,” alisema: “Mwalimu, niandikie kwenye karatasi, lakini usiniandikie ukurasa mzima. Vitabu ni vizito kuliko viatu. Nitakuletea viwili, au vitatu kama ni vyembamba.” Nilikaa na karatasi ile muda mrefu kuliko nilivyokaa na daftari zima. Nilichagua Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, riwaya fupi za mwaka wa 1990 na wa 1991, kwa sababu nilikuwa nimesoma mengi kuzihusu na sijawahi kuziona kwa macho, na nafasi ya tatu niliiachia riwaya ya Peponi. Mama alirudi na viwili. Cha Peponi alisema hakukipata dukani alikokwenda.

Tangu siku hiyo nina karatasi mbili. Moja ni ya vitabu vilivyo mikononi mwangu, katika simu au kwa mtu ninayeweza kumfikia kwa miguu, na hiyo peke yake ndiyo ninayoiita orodha ya kusoma. Nyingine ni ya vitabu vya kutafutwa, haizidi majina kumi, na ninatembea nayo mfukoni, kwa kuwa mtu anayesafiri kwenda Kinshasa, Lusaka au Dar hakupi taarifa mapema. Kitabu kisichopatikana kwa njia yoyote hakikai katika karatasi hizo mbili. Ninajua kwamba hapo ninakiuka ushauri wa wasomi wa nchi zenye maktaba nyingi, ambao wataniambia nisiache kitabu bora kwa sababu ya ugumu wa kukipata. Wao wanaweza kusubiri juma moja kitabu kikafika. Sisi tunasubiri mtu afunge safari.

Kuhusu simu, sina mengi ya kusema. Mafaili ya vitabu yanayotumwa katika makundi ya WhatsApp huja kwa makumi, na kuyapakua kunamaliza mega za intaneti ambazo mtu amezinunua kwa ajili ya kazi nyingine. Niliyafuta yote yaliyokuwa hayajafunguliwa, nikabakiza yale yaliyokuwa na sura katika orodha mpya. Kama kuna faili nililolifuta nikalijutia, bado halijanirudia akilini.

Mwenzangu mmoja anayefundisha fizikia hakubaliani na kazi hii hata kidogo. Anasema orodha ndefu haimdhuru mtu, haihitaji chakula wala kodi ya nyumba, na kwamba mtu akiona majina mengi asiyoyajua hubaki mnyenyekevu. Ana haki katika hilo la unyenyekevu. Nilimjibu kwamba kwangu orodha ndefu ilikuwa ikila jioni zangu, kwa sababu kila nilipotaka kusoma nilianza kwa kuchagua, na uchaguzi katika majina 300 humalizika umeme ukiwa umekwisha kukatika. Hakuridhika. Aliniomba daftari la zamani, akakaa nalo juma zima, akanakili karibu majina yote niliyokuwa nimeyakata, wakiwemo Wajerumani. Nilimwomba sharti moja tu, kwamba mbele ya kila jina aandike kwa nini. Alinirudishia daftari akisema ameanza kufanya hivyo na amefika jina la sita.